Ziwa Lingine la Turkana

Nyanya mmoja wa Kiturkana hakusema neno. Alikaa kando yangu mkekani, akanitazama nikihangaika na mtoto wangu wa siku nne, kisha akanyoosha mkono akaiondoa mito miwili niliyokuwa nimeipanga mapajani kama kijitabu kilivyoelekeza. Akaisukuma pembeni. Akanibonyeza bega mpaka mgongo ukaegemea ukuta. Halafu akamgeuza mtoto ubavu, tumbo kwa tumbo, kitovu chake kikitazamana na changu, akamshika chini ya shingo na kati ya mabega, kichwa akakiacha huru, akangoja.

Kungoja huko ndiko nilikokuwa sikujui. Mimi nilikuwa namtia mtoto titi mdomoni kama mtu anayelazimisha ufunguo kwenye kufuli lenye kutu. Yeye aliiacha chuchu iguse pua ya mtoto, ikateremka hadi mdomo wa juu, ikarudi puani. Mtoto akainua kidevu. Akafungua mdomo kidogo, nyanya hakutikisika. Akaufungua tena, safari hii wote, kama apigaye mwayo, ulimi umelala chini, na papo hapo ule mkono mkavu ukamleta kwangu, kidevu kikitangulia. Nikajikaza kuyasubiri maumivu ambayo nilikuwa nimeyazoea tangu siku ya kwanza. Hayakuja. Ulikuja mvuto mpana, mzito, kana kwamba uzi mrefu unavutwa kutoka kwapani, na baada ya kitambo nikasikia sauti ndogo ya kumeza: ka, kimya, ka, kimya.

"Ejok," akasema. Nzuri. Akaenda zake kuangalia mbuzi.

Hiyo ilikuwa Kanamkemer, mjini Lodwar, katika nyumba ya kupanga yenye bati lililokuwa likianza kulia kwa joto saa tatu asubuhi. Nilipelekwa huko kufundisha shule. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu mzazi hukalishwa arubaini: anakandwa, anafungwa tumbo, anapikiwa uji wa pilipili manga, na wanawake wa nyumba nzima wanamzunguka. Niliyaona hayo tangu nikiwa mdogo, na bado nilidhani kunyonyesha ni jambo ambalo mtu huzaliwa nalo, kama kupiga chafya. Nadhani ni kwa sababu wale wanawake walifundishana wamekaa chini, migongo yao ikiwa kwetu sisi watoto. Methali yetu maarufu ya titi la mama, ile ambayo Shaaban Robert aliichukua kukisifia Kiswahili, inazungumzia utamu. Juu ya kazi haina habari.

Siku moja kabla ya nyanya kuingia kwangu nilikuwa nimekwenda kwenye duka moja la dawa kutafuta kitu cha kupaka chuchu zilizopasuka. Muuzaji alimsikiliza mtoto akilia, akaniambia kwa huruma kabisa kwamba sina maziwa, akanitolea mkebe wa unga wa maziwa uliokuwa na picha ya mtoto mnene. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti namna bidhaa hizo zinavyotangazwa na kuuzwa. Sheria haikuwa dukani siku ile. Nililipa. Mkebe huo sikuufungua, kwa kuwa kesho yake nyanya alifika kabla maji hayajachemka.

Kiswahili kina neno moja, ziwa, kwa titi la mama na kwa Ziwa Turkana lililoko mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kutoka mjini. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo neno hilo linapimwa kama linavyopimwa pale. Ziwa lile la bluu-kijani ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya kudumu yaliyo jangwani ulimwenguni, na maji yake ni ya magadi. Ukiyanywa kiu inabaki palepale. Hulishwa na mto Omo unaotoka Ethiopia, na maji yakitolewa juu huko, chini linapungua. Ziwa la mama lina tabia ya kinyume: linapotolewa ndipo linapojaa. Waturkana nao wana lao. Maziwa huyaita ngakile na maji huyaita ngakipi, yote mawili kwa wingi, sawa na sisi tusemavyo maziwa na maji bila kuwa na umoja wake. Na mama, kwa Kiturkana, ni toto. Wiki za kwanza nilichanganyikiwa kila niliposikia mtoto akimlilia "toto", nikidhani anajilia mwenyewe. Baadaye nikaona hakuna kosa kubwa. Katika kunyonya, ni vigumu kusema kazi ya mmoja inaishia wapi na ya mwenzake inaanzia wapi.

Mshiko ndio ufundi wenyewe. Nimewaona wanawake wengi tangu hapo, wodini na chini ya miti, na siku hizi nikiingia mahali mama ananyonyesha jicho langu linakwenda penyewe kwenye kidevu cha mtoto. Kidevu kiguse titi. Mdomo uwe wazi sana, mdomo wa chini umejikunja kwa nje. Ule weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Mashavu yawe yamejaa. Yakibonyea ndani, au ukisikia mlio kama wa mtu anayebofya ulimi, basi mtoto ameshika chuchu tupu, na chuchu tupu haina kitu. Maziwa hutolewa na ulimi unaokandamiza ule weusi kwa chini, huku chuchu ikiwa imefika ndani kabisa, pale ambapo kaakaa gumu linakwisha na laini kuanza. Isipofika huko inasuguliwa kwenye kaakaa gumu kama nguo kwenye jiwe la kufulia. Hutoka imebapa upande mmoja, na baada ya siku mbili inapasuka. Mama anaanza kuogopa kila mtoto anapolia. Kwa hofu anamshika kwa mbali kidogo, na kwa umbali huo mshiko unaharibika zaidi. Wengi wanaoambiwa hawana maziwa wana tatizo la sentimita moja.

Ukipita barabara za Lodwar utawaona wanawake wakisuka vikapu kwa majani ya mkoma. Kikapu huanzia kwenye kitu kidogo kama kifungo cha shati, majani machache yaliyozungushwa na kufungwa kwa kubanwa sana, na hapo mwanafunzi hufumua na kuanza upya mpaka machozi yanamtoka. Mwanzo huo ukikaa vibaya, kikapu huyumba hadi ukingoni, hata mikono iliyofuata iwe hodari vipi. Ndiyo maana wakunga huipigania ile saa ya kwanza baada ya kuzaa. Mtoto akiwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, bila kuharakishwa kuoshwa na kuvishwa, mara nyingi hutambaa mwenyewe polepole, akinusa na kulamba mkono wake, mpaka akalifikia titi. Nimeliona hilo mara moja tu kwa macho yangu. Lilichukua dakika arubaini, na nesi wa zamu, mwanamke mwenye kazi zake tele, alisimama na mikono nyuma kama mtu anayetazama swala akinywa maji.

Kinachotoka siku hizo ni dang'a. Ni kizito, cha manjano, na ni kidogo sana hata mama anakitilia shaka: kinaweza kuwa kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo. Lakini tumbo la mtoto siku ya kwanza nalo halihitaji zaidi ya hicho. Dang'a imejaa kinga, inapaka utumbo ambao haujawahi kupokea kitu, na inasaidia kukitoa kile kinyesi cheusi cha kwanza. Baadhi ya wazee, kwetu pwani pia, walikuwa wakiikamua na kuimwaga wakisema ni uchafu. Mfugaji yeyote wa Turkana akikuona unamnyima ndama dang'a atakuuliza kama una akili, na sijui kwa nini hoja hiyo haitumiki zaidi katika mafunzo.

Siku ya tatu au ya nne maziwa hushuka, matiti yanavimba na kuwa ya moto, na hapo nusu ya kina mama huingiwa na hofu ya pili: kwanza yalikuwa machache, sasa yamezidi. Dawa yake ni mtoto. Homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, huamshwa na kunyonya, na usiku hupanda zaidi, ndiyo sababu mnyonyo wa saa nane za usiku, ule unaochukiwa na kila mtu, unalipa kuliko mingine. Homoni ya pili, oksitosini, ndiyo inayoyasukuma yatoke. Hiyo hiyo huubana mfuko wa uzazi na kupunguza damu baada ya kujifungua. Yale maumivu ya tumbo yanayomshika mama akinyonyesha siku za mwanzo ni kazi yake. Oksitosini ina aibu. Kelele na hofu huizuia, na kulia kwa mtoto, au hata kumfikiria tu, huiita. Na maziwa yakiachwa ndani ya titi, yenyewe hutoa ishara kwamba kazi ipunguzwe. Mtoto mchanga huhitaji kunyonya mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwamo, na hesabu nzuri ni yake, si ya saa ya ukutani. Anapogeuza kichwa na kutafuta, anapopeleka ngumi mdomoni, ameshabisha hodi. Kulia ni kuupiga mlango teke.

Sasa niseme habari ya maji, kwa sababu Lodwar ndipo mahali ambapo hoja hii huwa ngumu kuliko zote. Joto hupita nyuzi 35 siku nyingi za mwaka. Mvua ya mwaka mzima ni kiasi ambacho Mombasa huweza kukipata kwa mwezi mmoja. Mtoto analowa jasho, midomo inakauka, na kila shangazi anayepita mlangoni anauliza: huyu mtoto hamumpi maji? Mimi mwenyewe niliuliza. Jibu ni kwamba maziwa ya mama ni maji kwa sehemu 87 au 88 kati ya 100, na yale yanayotangulia katika kila mnyonyo ni mepesi zaidi, mafuta yakija nyuma. Mtoto wa nchi ya joto akiachiwa uhuru hunyonya kama Mswahili anywavyo kahawa, kidogo kidogo na mara nyingi, na kiu yake inakatwa bila kikombe. Ukimpa maji, tumbo lile dogo linajaa kitu kisicho na chakula, ananyonya kidogo zaidi, na kesho maziwa yanapungua kweli. Halafu kuna suala la maji yenyewe yametoka wapi. Mto Turkwel ukikauka, watu huchimba visima mchangani. Maji yanachotwa kwa kibuyu, yanamiminwa kwenye mtungi wa plastiki uliowahi kubeba mafuta, yanakaa juani. Titi ni bomba pekee mtaani ambalo halijapitia mikono ya mtu.

Tena halileti maji tu. Mama anayekunywa kutoka mtungi ule anapata vijidudu vya mtungi ule, mwili wake unavitengenezea kinga, na kinga hiyo inapelekwa kwenye maziwa. Yaani mtoto anapata dawa ya ugonjwa wa mtaa wake mwenyewe, wa wiki hii. Mwaka 2016 jarida la The Lancet lilikadiria kwamba kunyonyesha kukienea inavyopaswa duniani, vifo 823,000 vya watoto vingezuilika kila mwaka, pamoja na vifo 20,000 vya akina mama kutokana na saratani ya matiti. Namba za namna hiyo ni kubwa mno kushikika. Mimi nimeshika kijitabu cha kliniki cha mtoto mmoja ambaye hakuhara hata mara moja mpaka mwezi wa saba, mwaka ambao majirani zetu wengi walikuwa wakikimbizana hospitalini.

Maji ni ya mama, yeye ndiye wa kunywa. Mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya Waturkana wa kuhamahama, ukionyesha kwamba miili yao imejengeka kuishi na maji machache, na kwamba jeni iitwayo STC1 inahusika na namna figo zinavyoyahifadhi. Utafiti haukuwa wa kunyonyesha, lakini nilipousoma nilimfikiria nyanya, ambaye kwa mahesabu yake alilea watoto tisa akitembea nyuma ya mbuzi. Kisha nikakumbuka kwamba kila nilipokaa kunyonyesha, kabla ya kunigusa, aliweka kwanza kikombe cha maji mkononi mwangu.

Tuligombana mara moja tu, kuhusu samli. Siku ya kumi alikuja na kichombo cha ngozi, akachovya kidole, akakipeleka mdomoni mwa mtoto. Nikamzuia. Akaudhika, na sikumlaumu. Mwanaanthropolojia Sandra Gray, aliyeishi miongoni mwa wafugaji wa Turkana na kuandika mwaka 1996 juu ya namna mama zao wanavyolisha na kuachisha watoto, alieleza kwamba watoto wa kuhamahama huonjeshwa samli na maziwa ya mifugo mapema sana, na kwamba kina mama wana sababu zao walizozifikiria. Katika nchi ambayo mama mwenyewe anaweza kulala njaa wiki nzima, kumzoesha mtoto mapema chakula cha zizi ni bima. Naielewa bima hiyo. Naamini pia kwamba kidole kinabeba mengi zaidi ya samli, na kwamba mashauri ya leo, maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji, bila uji, bila chochote isipokuwa dawa, ni sahihi hata Turkana, na pengine hasa Turkana. Nyanya alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama kichombo chake, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Basi wewe kula. Itapita kwako." Nikaila yote kwa ugali, jioni tatu mfululizo.

Kenya imetembea safari hiyo haraka kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa afya wa 2008 na 2009 ulikuta watoto 32 tu kati ya 100 walio chini ya miezi sita wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 walifika 61, na mwaka 2022 walikuwa 60. Nyuma ya namba hizo kuna wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea kwa miguu boma kwa boma, na kina mama washauri waliojifunza mshiko kwa uchungu wao wenyewe. Kuna pia mjadala mgumu uliomalizwa vizuri: mama mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza dawa zake sawasawa anashauriwa kunyonyesha, mtoto naye akipewa dawa za kinga. Na kwa wanaotaka kupanga uzazi, mama anayenyonyesha bila kuchanganya, usiku na mchana, ambaye hajaona hedhi na mtoto hajatimiza miezi sita, ana kinga ya asilimia 98 dhidi ya mimba. Masharti yote matatu lazima yatimie pamoja. Likivunjika moja, aende kliniki.

Mimi nilirudi darasani baada ya miezi mitatu, kama sheria ya ajira ya 2007 inavyotoa. Sheria ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Shuleni kwetu chumba hicho kilikuwa stoo ya chaki. Humo nilijifunza ufundi wa pili, kukamua kwa mkono: kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya weusi, kusukuma kuelekea kifuani kwanza, ndipo kubana, kuachia, kuzunguka. Ukivuta chuchu unaumia bure. Kwa joto la Lodwar maziwa hayo hayangoji, kwa hiyo yaya alikuja na kikombe safi kwenye mapumziko ya saa nne, na mtoto alikunywa akiyalamba kikombeni kama paka. Chupa ya chuchu ya mpira hatukuinunua. Ni ngumu kuiosha vizuri hata penye bomba ndani ya nyumba.

Ufundi mwingine niliuona Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lodwar. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan, wengi wao wavulana waliotembea kwa miguu wasio na wazazi, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanza 2016, inahifadhi watu karibu 300,000. Niliwahi kufuatana na kikundi cha mama kwa mama huko kwa muda, kazi yangu ikiwa kutafsiri. Chini ya kivuli kimoja walikaa Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, Warundi na Waturkana wenyeji, na kila kundi lilikuja na ufundi wake. Mama wa Kisudani Kusini alinyonyesha amesimama, mtoto ameketi kiunoni. Mama wa Kikongomani aliyekuwa na pacha aliwaweka mmoja kila kwapa, miguu yao ikielekea nyuma, wakanyonya kwa pamoja, alipofanikiwa alicheka, "Batoto bananyonya muzuri!", na hapakuhitajika mkalimani. Mama wa Kiturkana alikuwa na shanga kuanzia mabegani hadi kidevuni, na nilishangaa jinsi mtoto alivyopita chini yake bila kugongwa hata na moja. Aliziinua kwa kiwiko cha mkono, bila kuangalia.

Wasomali walinirudisha nyumbani. Walipozungumzia muda, walitaja aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayozungumzia miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na muuguzi akatabasamu kwa kuwa bango lake nalo lilisema miaka miwili au zaidi, pamoja na vyakula vingine baada ya miezi sita. Lakini ilipokuja habari ya kumnyonyesha mtoto wa mwenzio, mambo yakawa mazito. Katika kambi hutokea mama akafa au akalazwa, na jirani mwenye maziwa akaombwa. Kwa Muislamu, mtoto huyo akinyonya anakuwa wako. Watoto wako ni ndugu zake wa kunyonya, na hawataoana. Sisi Mashafii tunahesabu minyonyo mitano. Mama mmoja wa makamo aliwaeleza wenzake kwa utulivu: usimpe titi mtoto usiyejua atakwenda wapi, ila akiwa anakufa mpe, kisha umtafute mtu wa kuliandika jina lake. Muuguzi kijana aliyekuwa akiandika ripoti aliacha kalamu, akamwomba arudie.

Kuhusu chakula cha mama sitarefusha, kwa kuwa kila mtu pale anajua. Kunyonyesha kunahitaji kiasi cha kalori 500 za ziada kwa siku. Mgao wa chakula Kakuma umepunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2025 ulikatwa vibaya sana. Mwili wa mama hauwi mwepesi wa kumnyima mtoto. Hutengeneza karibu robo tatu ya lita kwa siku hata yeye akiwa amekonda, na tofauti huilipa kutoka kwenye misuli na damu yake. Wanaume waliokuja kusimama nyuma ya kikao, wachache, waliambiwa jambo hilo kwa lugha tano. Mmoja aliondoka, akarudi na mtungi wa maji.

Kitu nilichoondoka nacho moyoni kutoka Kakuma nilikiona katika wodi ya watoto waliokonda sana. Mtoto alikuwa na wiki tisa, uso kama wa mzee. Mama yake alikuwa ameugua homa ndefu, maziwa yakakatika, na alipokuja alisema titi limekufa. Alilisema hivyo, limekufa, akilishika kama kitu cha mtu mwingine.

Muuguzi alileta mrija mwembamba laini, ule wa kulishia kupitia puani, na kikombe cha maziwa ya tiba. Ncha moja ya mrija aliibandika kwa utepe kwenye titi, ikaishia sawa na chuchu. Ncha ya pili aliitumbukiza kikombeni. Akamsaidia mama kumshikisha mtoto, kidevu mbele, mdomo wazi, mrija na chuchu vikiingia pamoja. Kikombe akakishika chini kidogo ya chuchu, sentimita chache tu, ili mtoto asichoke kuvuta na maziwa yasimwagike kwa kasi. Mtoto alinyonya mara mbili, akasita, maziwa ya kikombe yakampanda mdomoni, akapanua macho.

Ni hila, na kila mmoja anadanganywa kwa faida yake. Mtoto anaamini titi lina maziwa, kwa hiyo anaendelea kunyonya. Titi nalo, likinyonywa, linaamini kuna mtoto mwenye nguvu anayelihitaji, na ile homoni ya usiku inaanza kuamka. Kila siku mtoto aliwekwa kwanza kwenye titi tupu, bila mrija, na baada ya nusu saa au zaidi ndipo mrija ukaletwa. Kila siku muuguzi alikishika kikombe chini zaidi. Siku ya pili kilikuwa kwenye usawa wa mbavu za mama, baadaye kwenye goti, ili mtoto aongeze nguvu ya kuvuta. Kila asubuhi alipimwa. Alipofikisha ongezeko la gramu 20 kwa siku, kipimo cha kikombe kilipunguzwa nusu. Mama hakuniuliza chochote siku hizo. Alikuwa akikitazama kikombe tu.

Siku ya mwisho niliyokuwapo, muuguzi aliitwa kitanda cha pili katikati ya mnyonyo. Alikiweka kikombe sakafuni, akaubandua mrija, akaenda. Mtoto hakuacha. Mashavu yalikuwa yamejaa, mdomo wa chini umejikunja kwa nje, na katika zile kelele za wodi nililazimika kuinama ili nisikie: ka, kimya, ka, kimya. Mama aliinua uso akanitazama, kisha akakitazama kikombe pale chini, kikavu, nzi wawili wakitembea ukingoni mwake.